Redio ya wanafunzi iliyouzwa ili lijengwe bwalo

Kila Ijumaa ya kwanza ya Oktoba, mamia ya redio za vyuo huungana kuadhimisha siku yao, Siku ya Redio za Vyuo. Mwanzilishi wake ni Rob Quicke, wakati huo mhadhiri wa Chuo Kikuu cha William Paterson, jimbo la New Jersey, Marekani, na mara ya kwanza iliadhimishwa Oktoba 11, 2011. Asiyejua mambo yaliyotangulia atadhani ulikuwa mwaka wa neema. Ukweli ni kwamba kati ya Januari na Juni mwaka huohuo redio tatu za wanafunzi zenye jina kubwa, za San Francisco, Houston na Nashville, zilipokonywa masafa ya FM. Zote tatu ziliuzwa, na masafa yake yote yakaanza kupiga muziki wa kale wa Ulaya, ule wa kina Mozart.

Leo mwanafunzi mwenye jambo la kusema hufungua simu, akarekodi podikasti na kuirusha kabla chai haijapoa. Anazungumzia bendi mpya za chuoni, kodi za vyumba, mikopo, unyanyasaji wa kijinsia, usingizi unaokatika wakati wa mitihani. Wanafunzi wachache wanajua kwamba mambo hayohayo yalikuwa na redio yenye mnara, na kwamba mnara huo ulipigwa bei juu ya vichwa vya waliokuwa wakiuendesha.

Historia hii imeandikwa vizuri na watu wawili. Mmoja ni Katherine Rye Jewell, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Fitchburg State, aliyetoa kitabu *Live from the Underground* mwaka 2023. Mwingine ni Jennifer Waits, mtangazaji wa KFJC ya Foothill College huko California, ambaye kwa miaka mingi amezunguka kwenye studio za vyuo na kuandika alichokiona katika Radio Survivor. Wote wawili wako upande wa wanafunzi, na makala haya hayajifanyi kuwa kwingine.

Mwanzo wa redio za wanafunzi ni nyaya. Mwaka 1936, mjini Providence, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Brown, George Abraham na David Borst, walitandaza nyaya kutoka chumba kimoja cha bweni hadi kingine wakawa na redio yao wenyewe. Vyuo vilikuwa vimejaribu kabla yao: kati ya 1921 na 1936 taasisi za elimu zilipewa leseni zaidi ya 200, lakini ilipoingia Januari 1937 zilibaki 38. Nyingine ziliachwa zife au ziliingia mikononi mwa wafanyabiashara. Ugonjwa wa vyuo kuachia masafa, kwa hiyo, haukuanza jana.

Mwaka 1945 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitenga sehemu ya FM kwa ajili ya elimu. Mwaka 1948 ikaruhusu vituo vya wati 10, nguvu ndogo kuliko ya balbu ya sebuleni wakati ule, na vyuo vikazikimbilia leseni hizo. Miaka thelathini baadaye, 1978, ikabadili msimamo: kituo cha wati 10 kipande hadi wati 100, la sivyo kipoteze kinga dhidi ya vituo vikubwa. Shirika la Utangazaji wa Umma lilikuwa limelalamika tangu 1972 kwamba vidogo hivi vimeziba nafasi. Vituo vilivyopanda ndivyo vilivyosikika miaka ya 1980. Mwaka huohuo wa 1978 Robert Haber alianzisha jarida la CMJ, lililokusanya orodha za nyimbo kutoka studio za vyuo, na kampuni za santuri zikaanza kulisoma kwa makini. R.E.M., vijana wa mji wa chuo wa Athens, Georgia, walibebwa na madijei hao kabla redio za biashara hazijawajua.

Jewell anasisitiza jambo moja ambalo mashabiki wa roki husahau. Redio ya chuo haikuwa uwanja wa waasi peke yao. Wakuu wa vyuo waliitaka iwe sura nzuri ya chuo, wanafunzi waliitaka iwe yao, wakazi wa mji waliitaka iwape nafasi wasiyoipata kwingine, na kila kizazi kilipigana upya kuhusu ni ya nani. Hakuna mahali ugomvi huo ulipoiva kama Houston, jimbo la Texas.

KTRU ya Chuo Kikuu cha Rice ilizaliwa bwenini mwaka 1967. Wanafunzi wa bweni la Hanszen waligundua kwamba nyaya za kengele zake zinaweza kubeba sauti, wakazitumia kurushia matangazo. Miaka michache baadaye walikuwa kwenye FM 91.7 kwa wati 10, na kufikia 1991 walikuwa na mtambo wa wati 50,000. Kijana wa mwaka wa pili, akiwa zamu saa nane za usiku, alisikika karibu jiji zima la Houston, na jiji hilo ni miongoni mwa makubwa kabisa Marekani.

Walichokipiga ndicho kilichowapa jina. Sheria yao ilikuwa kwamba kinachosikika kwingine kisipigwe hapa. Palikuwa na jazz, kelele za magitaa, muziki wa India, na kipindi cha muziki wa Afrika. Kama katika studio nyingi za vyuo, majalada ya santuri yalibandikwa karatasi zenye maoni ya madijei waliotangulia: upande wa pili, wimbo wa tatu ni mzuri, wimbo wa tano una matusi, usiguse. Onyo hilo lilikuwa na sababu, kwa kuwa FCC hutoza faini. Dijei mgeni aliyekaa peke yake usiku alifundishwa kazi na watu waliokwishahitimu miaka mingi kabla yake, kwa mwandiko wao wenyewe.

Mapambano ya kwanza makubwa yalikuja mwishoni mwa mwaka 2000. Uongozi wa chuo uliitaka KTRU itangaze mechi nyingi zaidi za timu za Rice. Madijei wakanuna. Siku moja, mechi ya mpira wa kikapu ya wanawake ikiwa hewani, muziki ukapigwa juu ya sauti ya mtangazaji wa mechi, vyote viwili vikasikika kwa pamoja. Ulikuwa utundu, na wasichana waliokuwa uwanjani hawakuwa na kosa lolote. Chuo kilifunga studio. Ilichukua takriban wiki moja ya kelele za wanafunzi na wahitimu ndipo pande mbili zikakaa na redio ikarudi.

Waliosherehekea ushindi huo hawakusoma alama za nyakati. Chuo kilikuwa kimeonyesha kwamba kufuli ni lake. Leseni ilisomeka kwa jina la Chuo Kikuu cha Rice, si kwa jina la wanafunzi, na mtambo wa wati 50,000 ulikuwa mali inayohesabika.

Agosti 2010, chuo kikiwa bado likizoni, habari zilivuja: Rice iko mbioni kukiuzia Chuo Kikuu cha Houston mnara, leseni na masafa ya KTRU kwa dola milioni 9.5. Madijei walizisikia sawa na watu wengine. Mazungumzo yalikuwa yameendeshwa kwa siri. Rais wa Rice, David Leebron, aliwaeleza wanachuo kwamba wasikilizaji wa FM ni wachache mno, kwamba wanafunzi wanaweza kuendelea kwenye intaneti, na kwamba fedha zitatumika kwa mambo yenye faida kwa wengi zaidi. La kwanza katika mambo hayo lilikuwa bwalo jipya la chakula.

Bwalo! Hakuna neno lililowauma wanafunzi kama hilo. Wangeambiwa maktaba au maabara huenda wangemeza. Kampeni ya Save KTRU ikapamba moto, maandamano yakafanyika, wanasheria wakapeleka pingamizi FCC. Hoja ya rais haikuwa ya kipuuzi: chuo kina haki ya kujiuliza kwa nini kilipie mnara unaosikilizwa na wachache wakati wanafunzi wenyewe wanasikilizia kompyuta. Lakini masafa ya elimu yalitengwa mwaka 1945 kwa makusudi ili yasipimwe kwa wingi wa masikio. Kama kigezo ni wingi, redio za biashara zipo tayari.

FCC iliidhinisha. Aprili 28, 2011 KTRU ilizimika kwenye 91.7, na masafa yakawa KUHA, redio ya muziki wa kale. Kilichofuata kinastahili kusomwa na kila bodi ya chuo: kufikia mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Houston nacho kilikuwa kimeifunga KUHA na kuyauza masafa kwa taasisi ya redio ya Kikristo. Muziki wa kale uliochukua nafasi ya wanafunzi ulidumu miaka mitano. Wanafunzi wa Rice, kwa upande wao, walirudi hewani mwaka 2015 kwa kituo kidogo cha FM 96.1, aina ambayo sheria hairuhusu izidi wati 100. Kutoka wati 10 hadi 50,000, kisha karibu na pale walipoanzia.

San Francisco mambo yalikwenda kwa haraka zaidi. Januari 18, 2011, saa nne asubuhi, KUSF 90.3 ya Chuo Kikuu cha San Francisco ilikatwa kipindi kikiwa katikati, milango ikafungwa, waliojitolea hapo miaka mingi wakabaki nje. Bei ilikuwa dola milioni 3.75. Walihamia mtandaoni kwa jina la KUSF in Exile, wakisaidiwa na redio ya WFMU ya New Jersey, na walipinga mauzo hadi Juni 2012, FCC ilipoyapitisha kwa sharti la kulipa dola 50,000. Nashville, WRVU ya Vanderbilt iliondoka Juni 2011 kwa dola milioni 3.35.

Sambamba na hayo yote palikuwa na intaneti, na hapo redio za vyuo zilikuwa mbele ya kila mtu. WXYC ya Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, ilianza kusikika kwenye intaneti Novemba 7, 1994, ingawa WREK ya Georgia Tech hadi leo inabishania nafasi ya kwanza. Podikasti zilipata soko Apple ilipoziingiza kwenye iTunes Juni 2005. Mwaka 2020, korona ilipofunga studio, madijei walirekodi nyumbani, wengine ndani ya kabati la nguo, mashati yakining'inia pande zote kwa sababu kitambaa humeza mwangwi. Mazungumzo ya upweke na msongo wa mawazo, yaliyokuwa yakifanyika kwa simu ya usiku kati ya dijei na msikilizaji asiyemjua, yakawa vipindi kamili vyenye wageni na washauri nasaha.

Podikasti ina faida ambayo KTRU haikuwa nayo. Haihitaji masafa, na kisichokuwa na masafa hakina mnunuzi wa dola milioni 9.5. Ila imepoteza kitu. Dereva wa teksi wa Houston aliyekuwa akizungusha kitufe cha redio alikwama 91.7 bila kukusudia, akasikia muziki wa Kiafrika au mwanafunzi akieleza jinsi alivyonusurika kuacha masomo. Podikasti haimkwamishi mtu. Lazima aitafute, na anayeitafuta ni yule anayejua tayari kwamba ipo, mara nyingi rafiki wa mtangazaji.

Hapa kwetu Afrika Mashariki njia ilikuwa nyingine. Mlimani Redio ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Radio SAUT ya Mwanza, Equator FM ya Maseno nchini Kenya na Campus FM ya Makerere zilianzishwa na vyuo vyenyewe, nyingi zikiwa karakana za wanafunzi wa uandishi wa habari. Mwanafunzi wa uhandisi au udaktari hupata nafasi kwa nadra, na ndiyo maana podikasti zimewavutia. Mtandao nao una mlinzi mlangoni: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilizitaka redio za mtandaoni nchini Tanzania ziwe na leseni.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi ni ya ndani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Podikasti nyingi za wanafunzi hukaa kwenye akaunti ya mtu mmoja. Akihitimu anaondoka na nywila, na vipindi vya miaka mitatu vinabaki bila mwenyewe hadi vifutwe. Chuo hakina nakala. Karatasi zilizobandikwa kwenye majalada ya KTRU zilimfundisha aliyekuja baadaye. Faili lililopotea halimfundishi yeyote.

Wanafunzi wa Rice walipoteza redio kwa sababu hati haikuwa kwao, na hawakuiulizia hadi siku ya mauzo. Vyama vya wanafunzi vinavyoanzisha podikasti leo viulize mapema: akaunti iko kwa jina la nani, nywila anazo nani, na nakala zinahifadhiwa maktaba gani. Maktaba za vyuo hutunza tasnifu ambazo hazijafunguliwa tangu zilipowasilishwa. Sauti za wanafunzi zinastahili angalau rafu hiyohiyo, na mkutubi anayeweza kuliamua hilo hahitaji kibali cha FCC wala dola hata moja ya bwalo.