Vitenzi Hivi Tuviiteje?

“Vitenzi visivyo vya kawaida.” Ndivyo tulivyozoea kuviita être, avoir, aller na faire vya Kifaransa, ilhali hakuna vya kawaida kuliko hivyo: Mfaransa hamalizi kifungua kinywa bila kuvitamka. Kawaida ni neno la Kiarabu, na huko asili yake ni kanuni. Lilipofika kwetu likahamia kwenye mazoea. Istilahi ikabaki na maana ya kale, nasi tunasikia ya leo.

Tuseme basi vitenzi kaidi? Neno ni tamu, ila linasingizia. Katika wakati ujao viambishi vya mwisho, -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont, vinatiiwa na vitenzi vyote, hakuna kinachoasi. Kinachogeuka ni shina: je serai, j’aurai, je ferai, je saurai. Napendekeza vitenzi geuzashina. Vya kwetu kama kula na kufa, vinavyong’ang’ania ku- katika nitakula na nitakufa, tumeviita vitenzi vya silabi moja. Jina limetaja umbo, halikulaumu mtu.

Lakini shina si mzizi. Venir inapokuwa je viendrai, bado unaitambua sura yake. Aller inapokuwa j’irai, mzizi wenyewe ni mwingine, wa kitenzi cha Kilatini ire. Hiki kinastahili jina lake: kitenzi badilimzizi. Nasi tunacho, tunapotoka “mimi ni mwalimu” kwenda “nitakuwa mwalimu”.

Mwanafunzi wa Kifaransa huko Bukavu, Kongo, huambiwa anyambue kitenzi. Hapana! Kunyambua, katika sarufi yetu, ni kuzaa pigwa, pigia na pigana kutokana na piga. Anachotakiwa kufanya ni kunyumbua, yaani kupinda kitu bila kukivunja. Irabu moja tu inatenganisha kazi mbili, nasi tuilinde.

“Futur simple” tusiifasiri kuwa wakati ujao rahisi, maana wanafunzi wanajua taabu yake. Ni wakati ujao sahili: umbo moja lisilohitaji kitenzi kisaidizi, tofauti na je vais partir.

Na huo ujao wenyewe umetoka wapi? Chanterai ni kuimba kulikounganishwa na kuwa na; Kilatini kilisema cantare habeo, na habeo ikasinyaa ikawa -ai. Sisi -ta- yetu tuliitoa kwenye taka, na bado inaonekana nzima katika atakayekuja. Wao wameujenga ujao juu ya kumiliki, sisi juu ya kutamani. Nakiri moyo wangu uko upande wa kutamani.

Zimebaki falloir na pleuvoir, zisizojua nafsi nyingine ila il: il faudra, il pleuvra. Kuziita “vitenzi pungufu” ni kuzionea. “Vitenzi vya nafsi moja” inatosha, na mvua itanyesha vilevile.