Ndorobo wa ziwani na ndorobo wa porini

Mtu wa Ujiji akisema ndorobo, na wa Kibondo akisema ndorobo, huenda hawazungumzii mdudu mmoja. Tuwaangalie hawa ndugu wawili.

Ndorobo, au mbung'o, ni inzi anayenyonya damu, dume na jike. Akitua, mabawa yake hulaliana kama mkasi uliofungwa. Jike hatagi mayai: huzaa funza mmoja kila baada ya siku 9 au 10 hivi, naye hujifukia kwenye udongo laini wenye kivuli.

Wa ziwani, Glossina fuscipes, ana rangi ya giza, na nyayo zake za nyuma ni nyeusi zote. Hukaa kwenye vichaka vya kando ya Ziwa Tanganyika na mito yake. Hunyonya kenge, mamba, na watu wanaochota maji, kufua au kuvuta mitumbwi. Ndiyo maana Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, walifyeka vichaka vya ufukweni ili kuzuia malale.

Wa porini, Glossina morsitans, ni wa kijivu, tumbo lina mabaka meusi kama mistari, na nyayo za nyuma ni nyeusi nchani tu. Makazi yake ni misitu ya miombo. Hunyonya ngiri, nyati na ng'ombe, na hufuata hata pikipiki inayopita. Warina asali, wakata kuni na wafugaji ndio hukutana naye.

Kwa hiyo hata kinga hutofautiana. Wa ziwani hunaswa kwa vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa, vikiwekwa kando ya maji. Wa porini huvutwa na harufu ya ng'ombe, hivyo kuogesha mifugo kwa dawa husaidia, tena hukinga ng'ombe dhidi ya nagana.

Wote wawili huuma mchana na wanaweza kueneza malale, ingawa si kila ndorobo ana vimelea. Vaa nguo nzito za mikono mirefu, na uepuke buluu na nyeusi.

Ukipata homa na kuumwa kichwa, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mwambie mganga wa kituo cha afya kwamba uliumwa na ndorobo, na ni wapi. Omba damu ipimwe malale. Malale ya upande wetu huenda haraka: bila matibabu yanaweza kuua ndani ya miezi michache. Yakigunduliwa mapema, yanatibika.