Vidonda vya Tumbo: Neno kwa Madereva wa Malaba na Busia

Malori yanayopakia bandarini Mombasa kwenda Uganda huvukia Malaba au Busia. Foleni ikiwa ndefu, dereva hula saa yoyote na kulala garini. Mgongo ukimuuma hununua tembe duka la dawa. Tumbo likianza kuchoma, huongeza dawa ya asidi. Miongoni mwao wamo ndugu na jirani zetu wa Pwani, ndiyo maana naandika.

Vidonda hivi hutokea kwenye ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo mdogo. Dalili kubwa ni maumivu ya kuchoma kwenye chembe cha moyo, mara nyingi usiku au kabla ya kula. Wengi wetu hulaumu pilipili na mawazo. Hayo huweza kuzidisha maumivu, lakini sababu kuu ni mbili.

Ya kwanza ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walimwotesha maabara mwaka 1982. Walipopuuzwa, Marshall alimnywa mwenyewe mwaka 1984, akaugua tumbo. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Sababu ya pili ni tembe za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini.

Basi ukifika zahanati, iwe Malaba, Busia au Changamwe, taja kila tembe unayomeza. Ulizia kipimo cha choo cha bakteria huyo. Kama unatumia omeprazoli sema, kwani huweza kuficha majibu. Kwa kawaida husimamishwa wiki mbili kabla ya kupima. Kipimo cha damu hakithibitishi kwamba umepona, maana huweza kuonyesha ugonjwa hata bakteria akishakufa.

Akipatikana, utapewa dawa kadhaa za kutumiwa pamoja, aghalabu kwa siku 14. Chukua dozi nzima kabla ya kuvuka mpaka. Dozi iliyoanzia Malaba ikakatizwa Jinja humzoesha bakteria dawa.

Choo kikiwa cheusi kama lami, ukitapika damu, au maumivu makali yakikushika ghafla, usingoje foleni iishe. Acha gari, kimbilia hospitali. Ya rufaa ya kaunti iko mjini Busia.

Na kwa wafungao Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa baadaye. Muone daktari kabla mwezi haujaandama.