Jongo: Jinsi Chanzo Chake Kilivyofuatiliwa Hadi Kwenye Damu

Jongo ni miongoni mwa maradhi ya viungo yaliyoandikwa mapema zaidi. Hushika ghafla, mara nyingi usiku, na aghalabu huanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Kiungo huvimba, huwa chekundu na cha moto, hata mguso wa shuka hauvumiliki. Maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates yalieleza kwamba mwanamke hapatwi na jongo mpaka hedhi ikome. Leo sababu inajulikana: homoni ya estrojeni husaidia figo kutoa asidi ya yuriki, ambayo fuwele zake kwenye viungo ndizo huleta jongo.

Kwa karne nyingi lawama ziliangukia mlo na mvinyo, na jongo likahesabiwa kuwa ugonjwa wa matajiri walafi. Hata hivyo, dawa moja ilifanya kazi kabla chanzo hakijajulikana. Katika karne ya 6, tabibu Alexander wa Tralles aliandika juu ya mmea wa jamii ya kolchikamu kuwa tiba ya jongo. Mwaka 1820, Wafaransa Pelletier na Caventou walitenga kiambato chake, kolchisini, ambayo hutuliza maumivu lakini ikizidi kipimo huua.

Ushahidi wa chanzo chenyewe ulikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1679, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alitazama kwa hadubini chembe kutoka kwenye kinundu kigumu cha mgonjwa wa jongo, akaona vitu vyembamba mithili ya sindano. Mwaka 1776, Msweden Carl Scheele aligundua asidi ya yuriki kwenye mawe ya njia ya mkojo. Mwaka 1797, Mwingereza William Wollaston akaonyesha kwamba vinundu vya jongo vimetokana na asidi hiyo hiyo.

Kilichobaki ni damu. Mwaka 1848, Alfred Garrod wa London alithibitisha kwamba asidi hiyo huzidi katika damu ya wagonjwa wa jongo. Baadaye alibuni kipimo rahisi: uzi uliolazwa katika majimaji ya damu yaliyotiwa asidi ya siki, ukaachwa mpaka fuwele ziugande. Kwa njia hiyo jongo liliweza kutofautishwa na baridi yabisi.

Hata hivyo, kipimo cha damu pekee hakitoshi, kwa kuwa kiwango cha asidi kinaweza kuonekana cha kawaida wakati wa maumivu makali. Mwaka 1961, Daniel McCarty na Joseph Hollander wa Marekani walichunguza majimaji ya kiungo kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa ili mawimbi yake yafuate mwelekeo mmoja, wakazitambua fuwele zenyewe. Kuvuta majimaji hayo kwa sindano bado ndiyo njia ya uhakika zaidi, na husaidia kugundua maambukizi ya usaha kwenye kiungo, hali inayofanana na jongo lakini inayohitaji matibabu ya haraka.

Tiba ya kudumu ilitokana na utafiti wa saratani. Gertrude Elion na George Hitchings waliitengeneza alopurinoli ili dawa ya saratani isivunjwe haraka mwilini, kisha ikaonekana kwamba huzuia kimeng'enya kinachozalisha asidi ya yuriki. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1966. Siku hizi matibabu hulenga kushusha asidi chini ya miligramu 6 kwa desilita moja ya damu, kiwango ambacho fuwele huyeyuka. Kwa wagonjwa wengi tatizo ni figo kushindwa kutoa asidi ya kutosha, hivyo kubadili chakula peke yake mara nyingi hakutoshi, na mgonjwa hastahili lawama bali dawa.