Maraschino na Marashi

Mara ya kwanza nilipokutana na neno maraschino nilikuwa nikifasiri hadithi fupi, na kamusi niliyokuwa nayo haikulitaja. Kwa pupa ya ujana nikalidhania kuwa ni ndugu wa marashi yetu. Mhusika wa hadithi ile, katika Kiswahili changu, akawa anakunywa marashi kila baada ya chakula. Kosa hilo ndilo lililonipeleka kuitafuta historia ya tunda hili dogo.

Maraschino latokana na marasca, cheri ndogo yenye ugwadu na weusi wa zambarau iotayo pwani ya Dalmatia. Na asili ya jina ni amaro, neno la Kitaliano lenye maana ya uchungu. Makao yake ni Zadar, bandari ya Bahari ya Adriatiki ambayo Waitaliano huiita Zara. Huko Francesco Drioli alianzisha kiwanda mwaka 1759, na Girolamo Luxardo akafuata mwaka 1821. Tunda hurowekwa katika pombe kali pamoja na kokwa, vikonyo na majani, kisha hukenekwa na kutiwa sukari. Katika Msitu Mweusi wa Ujerumani na huko Uswisi njia ni nyingine: cheri huachwa zichachuke kwanza, na kirsch ipatikanayo haitiwi sukari. Hiyo ndiyo inyunyizwayo katika keki ya Msitu Mweusi, na ndiyo Waswisi huitia katika jibini yao ya kuyeyushwa.

Udugu nilioudhania upo, ila si wa majina. Alambiki, chombo cha kukenekea, Wazungu wamelipata jina lake kwa Waarabu, al-anbiq, nao Waarabu walilitoa kwa Wagiriki. Alkoholi nayo ni al-kuhl, wanja wa macho. Na kwa sanaa hiyo hiyo ya mkeneko hupatikana maji ya waridi tunyunyizianayo arusini.

Mwaka 1943 na 1944 ndege za Washirika ziliibomoa Zara. Kiwanda cha Luxardo kiliteketea, na baadhi ya watu wa ukoo huo wakauawa. Giorgio Luxardo alivuka kwenda Italia, na mwaka 1947 akaanza upya Torreglia, karibu na Padova, akipanda marasca katika ardhi ngeni. Zadar nayo, sasa chini ya Yugoslavia, iliendelea kukeneka kwa jina la Maraska. Mti mmoja ukawa na nyumba mbili.

Marekani jina lilipatwa na makubwa zaidi. Mwaka 1912 serikali iliamua kwamba cheri ya maraschino ni marasca iliyohifadhiwa katika kinywaji chake, na nyingine zote ziitwe za kuiga. Haikupita miaka thelathini, mazoea ya soko yakaushinda uamuzi huo: jina likaruhusiwa kwa cheri yoyote iliyotiwa rangi nyekundu na kuwekwa katika maji ya sukari. Ndiyo ile ikaayo juu ya aiskrimu, na kwa kawaida haina marasca wala tone la maraschino.

Niliposoma habari hizo sikuweza kuwacheka wafanyabiashara wale, kwani nami nililichukua jina nikauacha mti. Nilirudi katika mswada wangu, nikafuta "marashi", nikaandika: maraschino, kinywaji cha cheri chungu za Dalmatia.