Katani Katika Zege: Tulimlaumu Asiye na Kosa

Zege huvumilia kubanwa lakini likivutwa hupasuka upesi, na uzi uliopita katikati ya ufa huuzuia usipanuke. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ludwig Hatschek wa Austria aliigeuza kanuni hiyo kuwa kiwanda: alichanganya saruji na asbesto, akapata mabamba mepesi ya kuezekea yaliyoenea duniani. Ilipothibitika kwamba asbesto huleta saratani, watafiti walitafuta uzi mwingine, na katani, yaani uzi wa mkonge, ikawa miongoni mwa nyuzi walizojaribu. Mkonge ulikuwa umeletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kufikia miaka ya 1960 mashamba yalitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kabla kamba za plastiki hazijaliua soko. Katika miaka ya 1970 na 1980 vigae vya saruji na katani vilitengenezwa Afrika Mashariki. Vingi vilipasuka baada ya miaka michache, na watu wakakata shauri kwamba katani huoza.

Hukumu hiyo ilimwangukia asiye na kosa. Mwaka 1983 mtafiti wa Sweden, Hans-Erik Gram, alieleza kwamba maji yaliyomo ndani ya vitundu vya saruji yana alikali kali inayoyeyusha lignini, yaani gundi ya asili inayoshikanisha seli za uzi. Ndiyo maana mabua yaliyochanganywa na tope, lisilo na ukali huo, hudumu miaka mingi ukutani. Tiba ni kupunguza saruji ili alkali hiyo ipungue, na kuweka badala yake vumbi la silika, udongo mfinyanzi uliochomwa au majivu ya pumba za mpunga. Tiba hiyo ndiyo pia inayoyahifadhi mazingira, maana utengenezaji wa saruji hutoa karibu asilimia 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu.

Wapo watakaosema katani haiwezi kuchukua nafasi ya nondo. Ni kweli, wala boriti ya ghorofa haipaswi kuitegemea. Mahali pake ni vigae, mabamba membamba na lipu. Wengine watasema bati ni rahisi zaidi kupata na kuezeka. Hoja hiyo ina uzito, kwa hiyo kigae kisichodumu hakina haki ya kuuzwa. Anayetaka kuirudisha katani kwenye ujenzi aanze kwa kuirekebisha saruji.