Endometriosisi Ikifika Kwenye Utumbo

Tumbo la hedhi karibu kila mwanamke analijua. Lakini kupata maumivu makali wakati wa haja kubwa, yakirudi kila mwezi siku za hedhi, si jambo la kuambiwa "vumilia, ukizaa litaisha". Huenda ni endometriosisi iliyofika kwenye utumbo.

Katika ugonjwa huu, tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba unawapata asilimia 10 hivi ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa wengi hauingii kwenye utumbo. Ukiingia, mara nyingi hushika sehemu ya chini ya utumbo mpana, na dalili zake huweza kudhaniwa ni amiba.

Matibabu mara nyingi huanza na dawa za homoni, vikiwemo baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Zisipotosha, au utumbo ukianza kuziba, ndipo upasuaji hufikiriwa.

Siku hizi unaweza kufanywa kwa matundu madogo. Mgonjwa hulazwa usingizi, tumbo hujazwa gesi, kisha kamera nyembamba na vifaa hupitishwa kwenye matundu ya kama nusu sentimita hadi sentimita moja. Ugonjwa ulio juu juu hukwanguliwa. Uliozama lakini ni mdogo hukatwa pamoja na kiduara cha ukuta wa utumbo, na tundu likashonwa. Ukiwa mkubwa, kipande kizima cha utumbo huondolewa na ncha mbili zikaunganishwa.

Matundu ni madogo, ila upasuaji wenyewe ni mkubwa. Maungio yakivuja, uchafu wa utumbo humwagika tumboni. Homa, tumbo kujaa au maumivu yanayozidi ni sababu ya kurudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Baadhi huwekewa mfuko wa kinyesi tumboni kwa muda, maungio yapone. Na ugonjwa unaweza kurudi.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, tunashauri uulize: daktari wa upasuaji wa utumbo atakuwepo pamoja na wa magonjwa ya wanawake? Nitawekewa mfuko? Sisi wa vijijini tuongeze: siku za mwanzo nitafikia kwa nani karibu na hospitali? Tangu sasa, andika kwenye simu tarehe za hedhi na siku za maumivu, umwonyeshe daktari.